Masomo Yaliyolala Masjala

Elieth hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi, lakini mwaka ule wa 2002 Dodoma ilimtoa jasho. Aliwabembeleza vijana wa kujitolea wa Dar es Salaam hadi wakakubali kufundisha kuandika programu za kompyuta kwa barua pepe, bure kabisa. Akaandikisha makarani kumi na wanane wa idarani kwake. Kosa lake lilikuwa moja tu: alitoa anwani ya barua pepe ya ofisi, maana hakuwa na nyingine.

Miezi miwili ikapita, somo hata moja halijawafikia. Makarani wakaanza kumsema, eti kawauzia mbuzi kwenye gunia. Siku hiyo uvumilivu ukamwishia, akashuka masjala kwa mzee Silvano, mtunza majalada.

"Shikamoo, mzee Silvano. Masomo yangu yako wapi?"

"Marahaba, binti yangu. Yapo salama salimini!" Mzee akatoa jalada jipya, amelifunga kamba ya kijani. Kila somo lilikuwa limechapwa, likagongwa muhuri na kupewa namba. "Bosi akirudi kutoka kozini atayaandikia maelekezo, ndipo yaje kwenu. Lakini hakuna karatasi iliyopotea, hata moja!"

Elieth akafunua kwa hasira mpaka karatasi ya mwisho, namba saba. Haikuwa somo. "Kwa kuwa hakuna aliyejibu zoezi lolote," vijana waliandika, "darasa la Dodoma tumelifunga."

Juu yake muhuri ulikuwa umekolea vizuri: IMEPOKELEWA. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili zilizopita.