Besi la Siku za Kazi

Mwaka wa pili bila ajira niliacha kuamka. Mvua ya Tukuyu ilinipa kisingizio. Mama aliniwekea ndizi na maharage kando ya kitanda, jioni akaondoa sahani ikiwa bado imejaa. Nilijua anaogopa.

Aliyenitoa kitandani ni kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisani, mwenye duka la spea za baiskeli mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu. Alikuja amebeba besi, tarumbeta kubwa kuliko kifua changu.

"Msomi, una pumzi?"

"Mimi sisali siku hizi, mzee."

"Nimeuliza pumzi. Mambo ya kusali utaulizwa na mchungaji."

Bendi ilijaa walimu, manesi na watu wa kiwanda cha chai. Jumapili wote wapo. Lakini watu hawafi Jumapili tu, na maziko hayasubiri likizo. Siku za kazi walihitaji mtu asiye na kazi. Sikujua nicheke au nikasirike. Nikaenda.

Tulizika Kyimo, tukazika Makandana, viatu vikivuta tope. Bibi mmoja aliyetoka kumzika mumewe alinishika mikono yote miwili: "Ndaga fijo, mwanangu." Ananishukuru nini, na nimekosea nusu ya wimbo? Jioni ile nilimaliza sahani.

Basi nimepona? Asubuhi moja kengele ya msiba ililia, nikajikuta navaa shati haraka, nimefurahi. Nikakaa kitandani, vifungo wazi. Ni mtu gani anayengoja wenzake wafe ndipo apate sababu ya kuamka? Nikamwuliza mama.

"Kwani umewaua wewe?" alisema. "Nenda, utachelewa."

Hilo si jibu. Nilikwenda hivyo hivyo.

Juzi nimeitwa kwenye usaili Mbeya. Nilipomwambia kiongozi wetu mwisho wa mazoezi, alishangilia, kisha akakuna kichwa.

"Tumwombee kazi. Lakini Bwana, isiwe ya Jumatatu hadi Ijumaa!"

Walicheka, kisha wakainamisha vichwa kweli. Waliposema amina wakanitazama, wakingoja yangu. Sikujua ningeitikia ombi lipi. Nikapuliza besi. Ikatoka sauti nene, mbaya kidogo, wakaipokea kama amina.

Usaili ni Alhamisi. Nimepiga pasi shati lile lile la mazikoni.