Nyangumi wa Darasa la Pili

Kabla ya upasuaji, sauti ya Mwalimu Apolonia ilifika hadi kwenye mashine ya kukobolea mpunga, ng'ambo ya barabara. Akiwaimbisha darasa la pili silabi, vijana wa mashine waliitikia pamoja na watoto, wakicheka, naye hakuwakataza. Shule yake iko pembeni mwa Ifakara, njia ya kwenda Idete, na wazazi wengi wanaowaleta watoto pale walifundishwa kusoma na sauti hiyohiyo.

Kisha shingo yake ikavimba. Madaktari waliondoa tezi, na walikuwa wamemwambia mapema kwamba sauti huenda isirudi yote. Kidonda kilipona vizuri. Sauti ilirudi nusu, nyembamba, yenye upepo mwingi, ya kumtosha mtu aliyeketi naye mkeka mmoja. Na darasani watoto walizidi sabini.

Mwalimu mkuu, Gosbert, alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi na kila asubuhi alimpa shikamoo. Alimwita ofisini akazungumza naye akiangalia dirisha. Afundishe mada ya wanyama wa baharini hadi mwisho, yeye atakuja kuona. Darasa likimshinda, litachukuliwa na Mwalimu Salvatory, na Apolonia atashika stoo ya vitabu na unga wa uji. Mshahara hautaguswa. Hilo alilisema mara mbili, kwa upole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa maji.

Apolonia aliitikia kwa kichwa. Nyumbani alimwambia mumewe, Evaristo, kwamba stoo haina shida yoyote, isipokuwa magunia hayajui kuitikia.

Siku ya kwanza ya mada alibandika ubaoni picha za nyangumi, papa, pweza, kasa na kaa. Akaanza kama alivyoanza maisha yake yote: mwalimu anataja, darasa linarudia. Akataja nyangumi. Na darasa zima, kwa utiifu, likanong'ona, "Nyangumi."

Alijaribu tena kwa nguvu, shingo ikamwuma. Wakanong'ona tena, safari hii wakiwa wameinama kidogo kwenye madawati. Hapo akasimama Odilia, binti wa mvuvi, mtoto asiyeogopa kuuliza.

"Mwalimu, tunanong'ona ili asikimbie?"

Baba yake alimfundisha hivyo mtoni: ukishatega, hupigi kelele. Wengi darasani walikuwa watoto wa mtoni, na kumbe walikuwa wanamsaidia mwalimu wao kumvizia nyangumi. Apolonia alicheka kicheko kisicho na sauti, mabega yakitikisika, hadi machozi yakamtoka. Mengine katika machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Kesho yake hakusimama mbele. Alikuja na beseni la udongo wa mfinyanzi, maboksi yaliyokatwa, mkaa wa kuchorea, mabua, kamba na vitenge vikuukuu. Kila kitu akakiweka kwenye kona yake. Akapita dawati kwa dawati akisema jambo moja: chagua mnyama, kisha chagua utakavyomwonyesha, kwa kufinyanga, kuchora, kuigiza au kutunga wimbo. Kwa watoto saba au wanane waliomzunguka, sauti yake ilitosha. Ilizidi hata kutosha, kwa kuwa kila mmoja alidhani anaambiwa yeye peke yake. Aliwaeleza kwamba kasa hutaga mayai mchangani, na kwamba nyangumi, pamoja na ukubwa wake, si samaki: hunyonyesha, na hupanda juu kuvuta hewa kama sisi.

Kelele zilikuwa nyingi. Alipita katikati yake kama mtu apitaye kwenye mpunga uliokomaa, hajui mbele kuna nini. Asingeweza kuzizima hata angetaka.

Gosbert alikuja katika saa mbaya kuliko zote. Waliochagua kaa walikuwa wanatembea ubavu hadi mlangoni, mmoja akamkanyaga mguu. Kwenye kona ya udongo, Lukelo na wenzake walikuwa wamejenga chanja ya mabua, na juu yake wamempanga pweza na kasa vizuri, tayari kubanikwa. Apolonia aliona uso wa mwalimu mkuu, akajua kwamba hesabu yake imekwisha. Alifungua mdomo aeleze. Sauti haikutoka, hata ile nusu.

Gosbert aliinama penye chanja.

"Na nyangumi yuko wapi? Mmeshamla?"

"Huyo tumemwacha, mwalimu," alisema Lukelo bila kuinua macho. "Odilia alitaka kumtega kwa mgono, kama kambale. Tukamwambia, wewe, huyu akikaa ndani ya mgono atakufa. Hana pa kuvutia hewa."

"Nilisahau kidogo tu," alisema Odilia. "Hata wewe ulimpa pweza miguu sita."

"Nikaongeza."

Gosbert alimwuliza Odilia kwa nini kambale hafi upesi hivyo na nyangumi anakufa, ilhali wote wawili ni wa majini. Alijibiwa na watu wanne kwa pamoja, kuhusu hewa, kuhusu maziwa, kuhusu mtoto wa nyangumi anayesukumwa na mama yake juu ya maji. Akaenda kwenye kona ya kasa, kisha ya wimbo. Alikaa hadi kengele ya uji, na walipotoka mbio alibaki amesimama na udongo kwenye suruali.

"Mama," alisema, "kelele hizi zitanifanya nihamie ofisi ya nyuma. Lakini darasa ni lako. Stoo nitaitafutia mtu."

Apolonia alitaka kushukuru. Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, na Gosbert akajifanya anatazama picha ubaoni ili ampe nafasi. Kutoka uani ilisikika foleni ya uji ikigombana. Apolonia alivuta pumzi ndefu, ikaingia yote, kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze.

Kisha akamwomba mwalimu mkuu, kwa sauti ile ile aliyo nayo, amsaidie kuinua beseni la udongo. Lilikuwa zito, na kesho wangelihitaji.