Ruach, Rangi Nyeupe na Neno Kalas

Sijui kwa nini mnanisumbua mimi. Ruach yupo, ana mdomo, na nyumba yake iko nyuma ya maduka ya Wasomali pale mtaa wa Hai Amarat, hapa Juba. Lakini kumwuliza mwenyewe mnaona haya, ndiyo mnakuja kwa mama yake mdogo na kalamu mkononi, eti "mama, tuandikie habari ya ile ndege." Haya. Naandika mara moja tu, na asiyeelewa asirudi kunigongea mlango.

Ruach ni mtoto wa dada yangu. Vita vilimpeleka Kenya mgongoni mwa mama yake, akakulia Eldoret, akajifunza kupuliza rangi ya magari. Huko walimwita Msudani mpaka akaota ndevu. Aliporudi Juba, nyumbani kwao, watu walisikia Kiarabu chake kilivyokatika-katika wakamwita Mkenya. Alikuwa akicheka. Mimi niliyemjua nilikuwa naona anavyouma meno.

Sasa alikuwapo Kapteni Mohamedamin, Msomali wa Kenya, mwenye ndege ndogo ya pangaboi moja iliyokuwa ikipelekea wafanyabiashara mizigo huko ndani. Kwenye kiwanja kimoja cha udongo, watu wa pale huweka matawi ya miiba pembeni ili ng'ombe wasiingie njia ya ndege. Siku ya upepo tawi likaburuzwa, likaikwaruza ndege rangi upande wa kushoto, kuanzia karibu na pua mpaka mlangoni. Kapteni aliona aibu kuipeleka popote. Akamkuta Ruach pale Amarat akipulizia rangi gari la hoteli, akasimama akamtazama mpaka akamaliza.

"Nitengenezee ndege yangu," akamwambia. "Ukiitengeneza vizuri nitakuombea kadi ya kuingilia kiwanja cha ndege, yenye picha yako na jina lako. Fundi rangi."

Ruach alikuja kwangu jioni ile na hakula. Kadi! Askari wa getini asome jina la baba yake, ampishe apite. Nani angemwita Mkenya tena?

Fundi wa ndege ile alikuwa Kenyi, mzaliwa wa Juba, mtu wa maneno machache na yote makali. Alimgawia kazi kabla hajashika msasa. "Sikia wewe. Rangi iko yako. Lakini kitu yoyote iko na tundu, ama iko na skurubu, hiyo iko yangu. Usiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, ndugu Kenyi."

Pale pale kwenye mikwaruzo palikuwa na kitundu kidogo, hakizidi jicho la kuku. Ndege hupumulia hapo: mishale ya saa zilizo mbele ya rubani huonyesha urefu wa kuruka na mwendo kwa hewa inayopita pale. Kenyi akakiziba kwa tepu, vumbi lisiingie. Tepu nyekundu ingeonekana na kipofu, lakini siku ile haikupatikana, akaweka ya karatasi.

Ruach akafanya kazi. Alisugua kwa msasa wa maji, taratibu, hata kingo za rangi ya zamani zikalala. Akapaka rangi ya chini. Halafu akakaa kuchanganya nyeupe, na hapo ndipo alipokuwa na mkono wake, msinibishie. Nyeupe ya ndege ile ilikuwa imechomwa na jua la miaka. Ukipuliza nyeupe mpya inang'aa kama kiraka. Alidondosha njano, akadondosha nyeusi kidogo sana, akajaribu juu ya kipande cha bati, akafuta, akaanza tena. Alipopuliza, rangi mpya iliingia ndani ya ile kuukuu ikapotea. Na ile tepu ya karatasi ikapotea pamoja nayo.

Jioni akabandua karatasi zake zote za kuzuia rangi. Akakumbuka kitundu.

"Ndugu Kenyi, na ile tepu ya kwenye tundu?"

Kenyi alikuwa anasafisha mikono kwa mafuta ya taa. Hakugeuka. "Kalas, ya Mkenya! Kalas!"

Hapa Juba "ya" ni ya kumwita mtu, kama "ewe," na kalas ina nyuso mbili. Kuna kalas ya "imekwisha," na kuna kalas ya "basi, acha, inatosha." Mtoto wa hapa huzijua kwa sauti tu. Eldoret nani angemfundisha? Kenyi alitaka kusema: basi kwa leo, rangi ni mbichi, nitaibandua asubuhi. Ruach akasikia: nimeshabandua. Akatupa jicho kwenye ndege, akaona weupe mtupu. Akaenda nyumbani anapiga mluzi.

Asubuhi Kenyi akaamka na malaria, hata simu hawezi kuishika. Kapteni alikuwa na dawa za kupeleka.

"Fundi, kila kitu sawa?"

"Sawa, Kapteni. Kenyi mwenyewe aliniambia jana."

Kapteni akaizunguka ndege. Hakuigusa, kwa kuiheshimu rangi mpya. Akainama, akatazama, akacheka. "Wallahi, sioni hata mahali mkono wako ulipopita!"

Ruach aliyasubiri maneno hayo maisha yake yote.

Ndege ikapanda. Mshale wa urefu ukabaki umelala kama bado wako chini. Mshale wa mwendo ukaanza kudanganya, ukionyesha ndege inapoteza nguvu. Kapteni akadhani inataka kuanguka, akageuza, akairudisha kwa kasi mno. Ruach alikuwa amesimama getini akingoja kadi yake. Aliiona ikigusa chini, ikiruka, ikigusa tena, mguu wa mbele ukikatika. Ikaingia majanini kwa kifua.

Kapteni alitolewa hai. Mgongo wake ulivunjika, wakampeleka Nairobi, na hatarusha ndege tena.

Wakubwa wa kiwanja wakawaita mafundi wote wawili, Kenyi bado anatetemeka kwa homa.

"Nilimwambia kalas!" akasema Kenyi.

"Ni kweli, aliniambia kalas," akasema Ruach.

Wale wakubwa wakatazamana. Wote wawili walikuwa wanaapia neno moja. Kenyi aliachishwa, akahama na watu wake, sijui alipo. Ruach hakuandikiwa kosa lolote, maana hata jina lake halikuwamo kwenye vitabu vyao. Hakuwa na kadi. Getini walimwambia tu, "Mkenya, toka."

Sasa anapaka mageti mtaa wa Thongpiny, kwa wale wanaothubutu kumwita. Hatumii tepu tena, anapaka kwa brashi na mkono mtupu, polepole. Ukimwuliza kama imekwisha, anakushika mkono, anaupitisha juu ya geti lote, bawaba na tundu la ufunguo, mpaka ukubali wewe mwenyewe. Ndege ikipita juu, brashi inasimama. Ile ya Kapteni bado iko majanini kule mwisho wa kiwanja. Imeota kutu miguuni, lakini rangi ya ubavuni haijabanduka.

Nimeandika, mmepata mlichotaka. Sasa ninyi. Wewe unayesoma, geti lako limechubuka, nimeliona. Mwite Ruach alipake. Na akifika getini kwako usimwite Mkenya. Mwite fundi, kwa sauti, majirani wasikie.