Maji ya bluu ndani ya Corolla ya Scholastica

Saa moja na nusu asubuhi, Kerende. Fundi Mwikwabe amelala chali ndani ya Corolla kuukuu, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi. Anapapasa zulia la upande wa abiria. Limelowa chepechepe.

"Mvua haijanyesha wiki ya pili hii," anasema. "Haya maji yanatoka wapi?"

Swali hilo limemshinda jirani yake. Ng'ambo ya barabara iko gereji ya Lukmani, kijana kutoka Mugumu, yenye bati jipya na mashine ya kupimia magari. Mashine haikuonyesha kosa lolote. Lukmani akasema ni maji ya kuoshea gari yanapita mlangoni, akabadilisha mpira wa mlango. Zulia likalowa tena.

Mwikwabe, mwenye miaka hamsini na mmoja, anashindwa kuficha furaha yake. "Acha nicheke kidogo. Mungu atanisamehe."

Kabla Lukmani hajaja mwaka jana, Mwikwabe alikuwa akipata magari sita kwa wiki. Sasa ni mawili. Huomba kila asubuhi kabla ya kushika spana, lakini anakiri kwamba hata katikati ya maombi hufumbua jicho moja aone nani ameegesha kule.

"Gari nimelitunza miaka kumi, leo nalikuta kwake. Chakula hakishuki, nakwambia."

Lililomuuma kuliko yote ni hili la Scholastica, anayeuza vitenge kwenye minada ya Kemambo na Gorong'a. Mzigo wake umelowa mara mbili. Amelirudisha gari kwa sharti moja.

"Baba Winfrida," alimwambia Mwikwabe kwa jina la bintiye, "ukiliona tatizo, nabaki kwako. Ukishindwa, usinisubiri tena."

Hapa watu wengi hujaza rejeta maji ya kisima, kwa hiyo yakivuja hayana rangi wala harufu ya kuyatambulisha. Mwikwabe anakoroga bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashuka, anaimimina kwenye rejeta. Anawasha injini, anafungulia hita, ambayo huyapitisha maji ya rejeta hadi chini ya dashibodi.

"Mashine itayajuaje maji ya kisima?" anauliza kwa sauti, makusudi yavuke barabara.

Dakika ishirini baadaye, tone la bluu linadondoka kwenye zulia. Anafungua kifuniko cha hita. Mipira miwili ya maji inaingia humo, na mmoja umelowa kwenye maungio.

Anaingiza kichwa zaidi, anayatazama maungio kwa karibu.

"Vipi? Umelala huko?" Scholastica anauliza.

Maungio hayana klipu ya kubana mpira. Yamefungwa kwa waya wa kufungia nondo, umeliwa na kutu, ncha yake imesokotwa mara tatu na kukunjwa kwa ndani. Anautambua mkono huo.

Anaukata. Angeweza kuutia mfukoni. Anatoka nao kiganjani.

"Mama, huu niliufunga mimi. Mwaka juzi klipu zilikosekana, nikasema utatosha."

Scholastica anautazama waya, kisha anamtazama yeye. "Kumbe! Lukmani alikosa kwa kutojua. Wewe mura umekosa unajua, na bado unamcheka!"

"Ni kweli."

"Haya, weka klipu. Mnada hausubiri."

Mwenye klipu za saizi hiyo Kerende nzima ni mmoja. Mwikwabe anavuka barabara.

"Shikamoo, mzee. Umeliona?" Lukmani anauliza.

"Marahaba. Nipe klipu mbili."

Saa tano zulia lipo juani, na ndani hakuna tone jipya. Scholastica hajasema kama atabaki. Amesema atapima kwa vitenge.

Mwikwabe amekaa kwenye tairi, anahesabu kwa vidole. Yako magari mengine manne aliyoyafunga kwa waya ule, na matatu sasa hutengenezwa ng'ambo. Kesho anaanza kuwatembelea wenyewe majumbani, abadilishe bure.

"Wakitaka wabaki kwake, wabaki," anasema, na uso unaonyesha hajamaanisha. "Lakini waya wangu nautoa mimi. Siwezi kulala nikijua yule kijana ndiye atakayeufungua."