Spika Kubwa ya Baba

Sisi tuliokulia Saio, hapa Bunia, nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaïre, tukisikia mtoto wa leo analalamika kwamba kuchagua vipande vya kompyuta kumemchosha, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Binti yangu Neema anajiundia kompyuta ya mezani ya hapa nyumbani. Hii ni wiki ya pili amelala kitandani, simu mkononi, anachagua: feni, skrini, kipande cha kumbukumbu, sanduku lenye taa za rangi tatu. Kinachochoka ni kidole chake. Fundi wa mjini ataagiza vyote Kampala, na yeye hatapata hata vumbi mguuni.

Enzi zetu, kuchagua vipande ilikuwa kazi ya miguu, tena ya nyumba nzima. Nilikuwa na miaka tisa, na dada yangu mkubwa, Furaha, alikuwa amefanya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Wakati ule matokeo yalisomwa redioni, shule kwa shule, jina kwa jina. Akifaulu, angekwenda Kisangani kusomea ualimu. Asipofaulu, shangazi alikuwa na mchumba tayari, mwanamume wa Bogoro mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Na sisi hatukuwa na redio.

Baba alikuwa dereva wa lori la njia ya Komanda, mtu wa kujisikia kidogo, marehemu anisamehe. Akatangaza mezani: "Jina ya Furaha tutaisikia humu mu nyumba yetu. Hatutaenda kuomba masikio kwa voisin."

Voisin mwenyewe, yaani jirani, alikuwa Mama Kavira. Alihamia kutoka Butembo, akauza maharagwe na samaki wakavu mbele ya mlango wake. Alikuwa na redio ndogo kama kipande cha sabuni, imening'inia kwenye msumari juu ya gunia. Baba hakupita pale bila kuicheka: "Ile radio inasema kama mutu anaungama kwa padri." Mama Kavira alicheka naye, akaendelea kupima maharagwe.

Redio mpya ya dukani hatukuiweza, kwa hiyo baba akaamua tuundiwe. Jumamosi moja tukaenda sokoni sote wanne, baba, mama, Furaha na mimi, tumevaa nguo za kanisani kana kwamba tunakwenda kuposa. Fundi Baraka alikaa katikati ya mizoga ya redio, na mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya inayoyeyuka namwona yeye. Baba alitoa amri kwamba kila mtu achague kipande kimoja. Mimi nilichagua kifungo chekundu cha kutafutia stesheni, kwa sababu kilifanana na nyanya. Furaha alichagua kioo chenye majina ya miji ya mbali. Mama alitaka sanduku la mbao lenye mlango na kufuli: "Batoto ya hapa banagusa hata moto."

Baba akachagua spika. Ilikuwa pana kama lungo la kupepetea mchele.

"Papa," fundi akamwambia kwa heshima, "hii kinywa ni mukubwa. Na mashine ya kuipa nguvu, itamaliza pile mbio. Kamata hii ya katikati." Pile kwetu ni betri.

"Radio yenye voisin hasikie, ile si radio," baba akajibu.

Redio ilipofika nyumbani na betri zake sita mpya, baba aliipandisha sauti yote. Kuku walikimbilia nyuma ya choo. Wapita njia walisimama, na baba akatoa kiti nje ili waone mwenye redio ni nani. Mama alimwonya, "Baba Furaha, chunga pile. Siku ya matokeo iko mbele." Baba akasema mwanamke hajui mambo ya umeme, akaongeza muziki. Siku ya tano spika ikaanza kukoroma. Tulipokwenda dukani, betri zilikuwa zimekwisha, maana Bunia nzima ilikuwa inajiandaa kusikiliza. Nikapewa kazi ya kuzianika juani juu ya bati, kama tulivyofanya watoto wote wa rika langu. Nyinyi wenye kuchomeka simu ukutani, mmewahi kuanika umeme kama mihogo?

Siku ilifika, alasiri ya Alhamisi. Furaha alikaa mbele ya sanduku tangu asubuhi bila kula kitu. Msomaji alisoma shule moja, akasoma nyingine, na kila mara sauti ilipungua. Shule ya Furaha ikatajwa. Likasomwa jina la kwanza, na la pili, halafu spika ikakohoa na kunyamaza. Baba alipiga sanduku kofi. Akatoa betri, akazibana kwapani zipate joto, akazirudisha. Kimya. Furaha akafunika uso kwa mikono, na mimi nikakichukia kile kifungo changu chekundu kwa moyo wote.

Mara tukasikia vigelegele upande wa maharagwe. Mama Kavira aliingia mbio, redio yake imening'inia shingoni, mkononi kopo la poda ya mtoto wake mchanga. "Furaha! Banakuita! Nimesikia na masikio yangu yote mbili!" Akammwagia Furaha poda kichwani, kama tunavyomfanyia kila anayefaulu. Mama akamwagiwa. Kisha Mama Kavira akamgeukia baba, akamaliza kopo juu yake.

Baba akasimama pale, mweupe mpaka kwenye masharubu. "Kumbe ile kidogo nayo inasemaka," akasema. Tukacheka wote, naye akacheka, na machozi yakachora mistari miwili katika ile poda. Sikuwahi kumpenda kama siku ile.

Mwaka jana matokeo ya Neema yalikuja kwa ujumbe wa simu. Aliusoma peke yake chumbani, akatokeza kichwa mlangoni, akasema, "Mama, nimepita," akarudi ndani. Kopo la poda nilikuwa nimelinunua mwezi mzima kabla. Nilipolipata kabatini, yeye alikuwa ameshavaa vile vitu vyake vya masikioni. Majirani walijua baada ya wiki.

Jana akaniita. "Mama, imebakia kipande moja tu. Chagua na weye."

"Spika," nikamwambia. "Ile ya mukubwa kabisa."

Akacheka sana. "Mama, siye tunavalaka écouteurs mu masikio. Voisin asikie ya nini?"

"Na siku jina yako itaitwa, nani ataleta poda?"