Kikapu Nilichopeleka Mlola

Mwaka jana, siku ya soko la Mlola, nilimkabidhi bibi mmoja kikapu cha maharage mbele ya watu wasiopungua sita, na kwa kitendo hicho nikakiri, kwa niaba ya ukoo wetu wote, kwamba nyumba anayoishi mama yangu, migomba inayoizunguka na kaburi la baba yangu viko kwenye ardhi ya watu wengine. Sikujua kwamba nakiri. Nilidhani napeleka zawadi.

Nayaandika mambo haya kwa mfuatano yalivyotokea, kwa sababu nyumbani sasa kila mtu ana mfuatano wake, na wa kaka yangu unaanza na mimi.

Mambo yalianza na vibao. Watu wa zoezi la anwani za makazi walifika kitongojini kwetu, juu kidogo ya Malindi, hii yetu ya Lushoto, wakazunguka na simu zao nyumba hadi nyumba. Kila mlango ulipata namba. Mama alikiangalia kibao chake, akauliza kama sasa wageni wataongezeka, maana sukari ilikuwa imebaki kidogo. Namba haikuleta shida. Shida ilikuwa njia. Kwetu njia huitwa kwa mahali inapokwenda: ya kisimani, ya kanisani, ya kwa fulani. Wale watu walitaka jina moja, la kudumu, la kuandikwa kwenye nguzo pale chini inapoanzia.

Kaka yangu ndiye anayekaa na mama na kulima shamba la nyumbani. Wakati huo alikuwa pia ameanza kuomba hati ya kimila ya shamba hilo, na aliona jina la babu kwenye nguzo lingemsaidia. Mwenyekiti wa kitongoji hakukataa, ila alitaka maelezo.

“Babu yenu sina neno naye,” alisema. “Nileteeni alitoka wapi, akakaa wapi, akafika hapa lini. Nisije nikaulizwa mkutanoni nikabaki natabasamu.”

“Hiyo kazi ya mtu wa mafaili,” kaka akasema, akininyooshea kidole.

Mimi ninaishi Lushoto mjini. Nilikuwa karani wa kumbukumbu kwa miaka mingi, na tangu nistaafu hakuna aliyenipa kitu cha kutafuta. Nilifurahi kupita kiasi. Nilinunua daftari jipya siku hiyohiyo.

Nilianza na vilivyokuwepo ndani ya nyumba. Katika Biblia ya baba kulikuwa na bahasha kuukuu isiyo na barua, iliyoandikwa jina la babu, na chini yake: kwa mkono wa bwana fulani, Malindi, Lushoto. Zamani barua zilikwenda hivyo, kupitia mtu anayejulikana, kwa hiyo sikushtuka. Nilinakili jina la huyo bwana na kuendelea. Kisha nilikwenda kanisani kwetu, nikaomba kuangalia kitabu cha ubatizo. Babu alibatizwa akiwa mtu mzima. Kwenye safu ya makazi hakukuandikwa jina la mahali. Kuliandikwa jina la bwana yuleyule. Kurasa nyingi mbele nilimkuta baba yangu, mtoto mchanga, na yeye makazi yake yakawa kitongoji chetu, bila jina la mtu yeyote.

Basi nikaandika daftarini: babu hakuwa na anwani yake mwenyewe mpaka alipopata mtoto. Niliipenda sentensi hiyo. Nikapiga mstari chini yake.

Hatua iliyofuata ilikuwa wazi. Kama babu aliishi kwa huyo bwana, nyumba ya huyo bwana ndiyo ilikuwa anwani yake ya kwanza, na mtu wa kunionyesha ilipokuwa ni mzao wake. Niliuliza huku na huko kwa wiki mbili. Kitongojini hawakubaki. Nilielekezwa Mlola, kwa binti yake, bibi mzee lakini mwenye akili timamu, anayekaa na wanawe wawili wakulima.

Nilipita nyumbani kumuaga mama. Aliniuliza nabeba nini. Nikasema nitanunua sukari njiani.

“Sukari kila mtu anayo,” mama alisema. “Usiende kwa mtu mzima na vitu vya dukani.”

Akaingia ndani na fimbo yake, akakaa muda mrefu, akatoka na kikapu kimejaa maharage ya shamba la nyumbani, yamepepetwa, yamefunikwa kitambaa safi. Nilisema kizito. Akasema nitapanda pikipiki, siyo mgongo wangu utakaobeba.

Bibi nilimkuta barazani, amejitanda kanga, anachambua mboga pamoja na wanawake wawili wa jirani. Wanawe walikuwa pembeni na wanaume wengine, wanapakia kabichi kwenye magunia kuwahi soko. Nilimwamkia, nikapiga goti, nikataja jina la babu na la baba, kisha nikaweka kikapu miguuni pake. Tulizungumza Kishambaa, hapa nayaweka kwa Kiswahili.

Aliinua kitambaa, akachukua maharage matatu, akayageuza kiganjani.

“Haya ni ya pale pale?”

“Ndiyo, bibi. Ya shambani kwa mama.”

“Mnajua kuchelewa, ninyi,” alisema, na wale wanawake wakacheka. “Miaka yote hii nikasema, labda huko Malindi jua halitoki siku hizi. Maharage hayakauki.”

Nilicheka pamoja nao. Nilidhani ni utani wa mzee.

“Na shamba likoje?” aliuliza. “Mmepanda nini?”

Nikaanza kumtajia, kama mtu anayesifia kwao. Migomba imezunguka nyumba. Mipeasi aliyopanda baba, ile mistari mitatu, sasa inazaa mpaka matawi yanavunjika. Kahawa kidogo upande wa chini. Nyumba tumejenga kwa matofali ya kuchoma. Baba amelala pale pale, kaburi tumelisakafia vizuri.

Mtoto wake mkubwa aliacha kabichi. Alikuja akasimama nyuma ya mama yake, akiwa ameshika kamba.

“Mipeasi?” alisema.

“Mwache aseme,” bibi akamwambia. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali hata kidogo. “Mwanangu, babu yako aliazimwa pale na baba yangu. Baba ndiye aliyefyeka ule mteremko. Tulipohamia huku alimwambia rafiki yake: lima mahindi, lima maharage, kaa na wanao. Mti usipande. Na kila mavuno uniletee kikapu kimoja, nijue bado tunakumbukana.”

Hapo ndipo kumbukumbu iliponijia. Nilikuwa mtoto wa miaka saba au minane. Baba alitembea mbele na kikapu begani, mimi nyuma nimebeba viatu vyangu mkononi ili visichakae. Tulipanda na kushuka tangu alfajiri. Tulifika kwenye nyumba moja yenye baraza, baba akavua kofia, mzee mmoja akainua kitambaa na kuchukua punje chache. Nilipewa chai ya tangawizi na kiazi. Nilipouliza tumefuata nini, baba alisema tumekuja kusalimia. Tulikwenda hivyo mara tatu au nne. Kisha tukaacha, na mimi nikiwa mtoto sikuuliza kwa nini, kama vile watoto wasivyouliza mvua imeacha kwa nini.

Kwetu anayejua kulima anajua pia sheria hii: shamba la kuazimwa halipandwi mti. Mti unakaa kuliko mtu, na aliyepanda mti amesema shamba ni lake. Nilikuwa nimeijua maisha yangu yote. Ila sikuwahi kufikiri kwamba inatuhusu sisi.

Bibi hakunifukuza. Alinipa chai, akaniagiza nimsalimie mama, akawaambia wale wanawake wa jirani, “Mmeona, wamerudi.” Wakaitikia kwamba wameona. Kikapu kilirudishwa kitupu, kitambaa kimekunjwa ndani.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Wewe ulitumwa historia,” alisema. “Ukaenda kwa watu, siku ya soko, ukapiga goti, ukasema mimi ni wa fulani, haya ni maharage ya shamba lenu, na miti tuliyopanda ni hii na hii. Hukuwapelekea na muhuri?”

“Sikujua, kaka.”

“Mtu wa mafaili hakujua!” Akasimama, akakaa tena. “Baba alipanda ile mipeasi babu alipokufa. Mzee wa kule naye alikuwa ameshakufa. Hakuna aliyekuja kusema ng'o. Miaka arobaini! Likawa letu kwa kukaa. Wewe umelirudisha kwa kikapu kimoja.”

Kuhusu ile miaka hakukosea sana, na kuhusu kikapu hakukosea hata kidogo. Mama alikuwa amekaa jikoni mlango wazi. Nilimfuata.

“Mama, ulijua?”

“Nilipoolewa nilikuta kikapu kinakwenda. Baadaye nikakuta hakiendi. Mimi nililetwa kuolewa, sikuletwa kuuliza.”

“Lakini maharage umenifungia wewe.”

“Ungekwenda na nini? Sukari?”

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi. Nimemwangalia mama usoni nikitafuta kama alifanya kusudi, kama amechoka kulala kila siku karibu na kaburi la mume wake bila kujua la kwake litachimbwa kwa ruhusa ya nani. Yeye hunitazama na kuniuliza kama nimekula. Mara moja tu, akiwa anamenya ndizi, alisema, “Watanitoa?” Nikasema hapana, mama, nani akutoe. Akasema, “Siyo sasa. Nikishakufa.” Nikachukua kisu cha pili, nikamsaidia kumenya.

Mwenyekiti alipata habari kabla ya sisi kumpelekea. Alikuja mwenyewe, akakataa kiti.

“Jina la njia liwekeni pembeni kwanza,” alisema. “Hii hati ndiyo itaniumiza kichwa. Halmashauri ya kijiji haiwezi kuipitisha na kuna mtu Mlola anasema ni pake. Mpelekeeni fomu. Kama hana pingamizi aweke dole gumba. Kama analo, aandikiwe analosema.”

Kaka alisema haendi kumpigia mtu magoti kwa mipeasi ya baba yake. Kwa hiyo nilikwenda mimi, kwa sharti lake moja, kwamba nisibebe kitu chochote, hata jani la chai, lisije likahesabiwa. Sijawahi kwenda hivyo kwa mtu mzima. Njia nzima sikujua mikono niiweke wapi.

Bibi aliiona mikono kabla ya kuniona uso.

“Leo umekuja na karatasi,” alisema.

“Ndiyo, bibi.”

“Karatasi haipikwi.”

Nilimsomea fomu yote, pamoja na pale panapouliza ardhi ilipatikanaje. Kaka ameandika urithi. Bibi aliniomba nisome hapo mara ya pili. Akauliza mama yangu ana hali gani, kama bado anatembea, kama macho yanaona. Nikasema anatembea kwa fimbo. Akasema mama yangu na yeye waliwahi kuchota maji kisima kimoja wakiwa wasichana, kabla wao hawajahamia Mlola, na kwamba mama alikuwa na mdomo mkali kuliko wote.

Nilimwomba aweke dole gumba. Nilikuwa na kidau cha wino mkobani. Alisema yeye hana haraka na mtu, ila wanawe ndio watakaobaki duniani, na mkubwa amekwenda Tanga kuuza viazi. Akirudi watasoma pamoja. Akaikunja fomu mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Nilitaka kumwambia ni nakala pekee, kwamba isikunjwe hivyo. Nikafunga mkoba wangu.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu nimwachie fomu. Kikao cha halmashauri ya kijiji ni Alhamisi. Kaka amemwita fundi aje kuongeza chumba upande wa mipeasi, na nimemwomba asianze, na hatujasemeshana tangu hapo. Simu ya Mlola nimepiga mara mbili. Mara ya kwanza aliyepokea alisema bibi amelala, mara ya pili ikaita tu.

Jana jioni mama alinipigia. Alisema asubuhi aliona wanaume wawili wakipanda njia yetu. Hawakuingia uani. Walizunguka mpaka wa juu, wakashuka taratibu hadi kwenye kahawa, mmoja akihesabu hatua kwa sauti. Mkubwa wao alikuwa na karatasi mkononi na alisimama nayo muda mrefu akiitazama nyumba. Mama alichukua fimbo yake, akajikongoja kwenda kuwakaribisha. Alipofika mlangoni walikuwa wameshaondoka, na hakuweza kuona kama ile karatasi ilikuwa na doa la wino.