Kanzu ya Ami mbele ya Kamera

Udi uliolala sandukuni una harufu tofauti na udi unaofuka kwenye chetezo. Unaofuka hupanda puani mara moja, kisha hutawanyika. Uliolala kwenye nguo huwa mzito, mkavu kidogo, na hukaa. Nguo za Ami Salim, na zaidi kanzu yake ya Idi, zilikuwa na harufu hiyo ya pili, na ndani yake kulikuwa na tumbaku, kwa sababu kikopo chake cha tumbaku hakikutoka mfukoni mwaka mzima. Ami alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yangu. Tangu baba afariki, yeye ndiye aliyekuwa akitutazama, mama na mimi, pale Mambrui, na hapakuwa na jambo la nyumba yetu lililokwisha kabla hajatia neno lake. Kwa hiyo harufu ile ilikuwa na kazi. Kila nilipoisikia nilivuta mtandio, nikainamisha macho, nikaamkia, kisha nikanyamaza hadi niulizwe. Mama hakunifunza hayo kwa maneno. Niliyapata kama nilivyopata kutembea.

Msimu ninaoukumbuka ni kiangazi kimoja nilipokuwa darasa la saba. Maji ya visima yalikuwa yamegeuka magadi, na chai ya nyumbani ilikuwa na ladha ya chumvi hata ukiizidisha sukari. Ami alikuja Ijumaa baada ya sala, akaketi barazani, akamwambia mama kwamba dada ya mkewe aliyeko Mombasa ana watoto wadogo na anataka msichana wa kumsaidia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kahawa mkononi. "Shemeji, mtoto huyu hana kauli," alisema. "Akiulizwa jina lake anatazama vidole vya miguu. Shule itamfaa nini? Huko angalau atajua kazi." Mama aliomba nimalize muhula. Hakusema zaidi, na sikumlaumu, kwa kuwa alichosema Ami kilikuwa kweli. Darasani majibu niliyajua na niliyaandika sawasawa, lakini nikiinuliwa niyaseme, nilitazama vidole vya miguu hadi niambiwe niketi. Nilisimama pale na sinia hadi kahawa ikapoa, nikifikiri juu ya watoto wa Mombasa nisiowajua.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Nduku, alikuwa mtu wa Ukambani aliyepanga mtaa wa Barani, Malindi, na kuja Mambrui kila asubuhi. Muhula ule aliambiwa kwamba watu wa televisheni kutoka Nairobi watapita shule za pwani kurekodi michezo ya kuigiza ya watoto, na yetu ni mojawapo. Akatunga mchezo mfupi: kumekuwa na ukame, mzee mwenye cheo ametia kufuli kisima cha mji, na msichana mmoja anakwenda kumwambia afungue. Sehemu ya msichana alinipa mimi. Darasa zima liligeuka kunitazama, wengine wakacheka waziwazi. Mama alipomweleza habari ya Mombasa, Mwalimu Nduku alikwenda mwenyewe kwa Ami kumwomba aje atazame kwanza, ndipo aamue. Ami alikubali. "Nitakuja. Nikimsikia ana kauli, tutazungumza. Nisipomsikia, anapanda basi la kesho yake." Na ili ionekane kwamba hana kinyongo, aliiazima shule kanzu yake ya Idi, ivaliwe na mwanafunzi atakayekuwa mzee. Hakuuliza mzee huyo katika mchezo anafanya nini. Mwalimu aliipokea kwa furaha. Yeye alikuwa mgeni. Hakujua kwamba tarizi ile ya kijani shingoni ilitambulika na kila mtu Mambrui, na kwamba kumvika mnyimaji wa maji kanzu ile ni kama kumwandika Ami jina mgongoni.

Kabla kanzu haijaja, mazoezi yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu Nduku hakuniambia nisiogope. Aliniambia nisimame hadi nisikie sakafu chini ya visigino, nitoe pumzi yote, nisubiri nyingine iingie yenyewe, ndipo niseme. Aliniambia nisiufikirie uso wangu wala sauti yangu, ila nifikirie ninataka nini kwa mtu aliye mbele yangu. "Unataka nini kwake?" aliuliza kila nilipokwama. "Maji," nilijibu. "Basi mwambie yeye, usiniambie mimi." Mzee alikuwa Kahindi, mtoto wa wakulima wa upande wa juu wa mji, mcheshi, tuliyekuwa tukinyang'anyana naye kifutio tangu darasa la tatu. Kumtazama Kahindi machoni hakukuwa kazi. Sauti ilianza kutoka, kwanza nyembamba, kisha ikawa sauti niliyoweza kuiita yangu.

Siku Kahindi alipotokea na kanzu, harufu ilinifikia kabla yake. Nilikuwa niseme, "Mzee, maji haya ni ya mji. Fungua kisima." Mtandio nikauvuta, macho yakaanguka chini, na nikajisikia nikisema, "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu," Kahindi akajibu, akipapasa ndevu za pamba.

Watoto wakalala kwa kicheko. Mwalimu akasimamisha kila kitu. "Wewe, huyo ni Kahindi tu. Si jana mlikuwa mnapigana?" Tulirudia, nikaamkia tena. Tulirudia ameivua, nikasema vizuri, akaivaa, nikaamkia. Tangu hapo Kahindi aliniita mjukuu hata njiani, akawa akinituma nimletee maji ya kunawa. Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama, aliyekuwa akikuna nazi. Hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Na yeye Ami atakaa wapi?" Nikamwambia mbele, kwenye viti vya ofisini. Mama akaendelea kukuna hadi ile nazi ikaanza kutoa weusi wa kifuu. Ndipo nilipoelewa nilivyobanwa. Nikinyamaza, ninakwenda Mombasa. Nikisema, ninamkodolea macho Ami na kumkatalia mbele ya mji, ndani ya kanzu yake mwenyewe, na hapo ninaweza kwenda Mombasa vilevile.

Watu wa televisheni walifika na gari lililojaa vumbi. Kisima chetu kilikuwa pipa lililozungushiwa matofali ya udongo, limewekwa mbele ya ukuta wa darasa letu. Mpiga picha, kijana mwenye kofia, alisema ana mkanda wa kutosha mara moja tu kwa kila shule, kwa hiyo tusisimame hata tukikosea. Wazee walikaa vitini, kina mama kwenye mikeka pembeni, watoto wakazibwa midomo. Ami alikuwa katikati ya mstari, bakora kati ya magoti. Nilimwona alipoitambua kanzu; niliona pia alipofahamu, Kahindi alipotia kufuli na kuwafukuza wanawake wenye ndoo, kanzu ile inafanya nini. Hakusogea. Mzee aliyekaa kando yake alimtazama, kisha akatazama pembeni haraka.

Zamu yangu ilifika. Nilitembea hadi kwenye pipa, nikatafuta sakafu, na hapakuwa na sakafu, palikuwa na mchanga. Harufu ikaja. Macho yakaanguka. "Shikamoo, mzee," nikasema.

Kwenye mikeka mtu alicheka, akanyamazishwa. Mwalimu Nduku, nyuma ya kamera, alifunika mdomo kwa kiganja. Kahindi alijua mkanda hausimami, nilimwona akitafuta la kufanya, kisha akasema kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuitumia mazoezini, "Marahaba. Una haja gani?" Swali hilo halikuwemo kwenye mchezo. Lilikuwa ndilo swali ambalo Mwalimu alikuwa akiniuliza kila siku, na safari hii liliulizwa na kanzu. Nilitoa pumzi yote. Nyingine ikaingia yenyewe. Nikainua macho, nikamtazama, na sikumwona Kahindi wala Ami. Nilimwona mtu aliyekuwa na kitu ninachokitaka. "Mzee, maji haya ni ya mji," nikasema. "Nimekuamkia kwa adabu, nakuomba kwa adabu. Fungua kisima." Sikupiga kelele. Hata hivyo nilisikia sauti yangu ikigonga ukuta wa darasa na kunirudia. Kahindi alichelewa kidogo, kisha akatoa ufunguo.

Baada ya mchezo Kahindi alivua kanzu, nikaikunja, nikampelekea Ami kwa mikono miwili. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, na Mwalimu nyuma ya mama. Ami aliipokea, akaipekua shingoni kama anayetafuta doa. "Mwalimu," alisema, "mzee wako huyu ni mbaya sana." Mwalimu akaanza kuomba radhi. Ami akamkatiza. "Ngoja. Aliniamkia kwanza. Angeanza bila salamu, ningeinuka nikaenda zangu." Alisema *aliniamkia*, si *alimwamkia*, na nadhani mwenyewe hakujisikia akisema hivyo. Mama akauliza taratibu, "Kwa hiyo, shemeji?" Ami akaitia kanzu kwapani. "Kwa hiyo nini? Nilisema tutazungumza. Mtoto ana kauli. Na amalize shule hapa, huko Mombasa watatafuta mwingine."

Nilimaliza darasa la nane. Zaidi ya hapo hapakuwa na uwezo, na mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kazi ya mapokezi hotelini Malindi, ambako nilitumia visigino na pumzi za Mwalimu Nduku kila siku mbele ya wageni. Sasa nina chumba cha kupanga Barani, nami nafundisha watu kuzungumza mbele ya kamera: wauza samaki wanaotangaza kwa simu, vijana wanaotaka utangazaji, mara nyingine mwanasiasa. Wengi wao si waoga kama nilivyokuwa. Wanaweza kusema lolote mbele ya simu. Kinachowapungukia ni mtu wanayemwambia. Wanasema, wanajitazama hapohapo, wanafuta, wanasema tena, na kila wakirudia wanazidi kujiona na kupotewa na aliye mbele yao. Huwa nazichukua simu, nazigeuza kifudifudi, nawauliza: unataka nini kwake?

Mkanda ule sijauona. Mambrui kwetu hapakuwa na televisheni siku uliporushwa, na baadaye hakuna aliyejua ulikokwenda. Sijui nilionekanaje, kama mtandio ulikaa sawa, wala sauti ilitoka kubwa kiasi gani. Ninachojua ni uso wa Ami alipokuwa akiipekua ile tarizi ya kijani, na kwa muda wote huu sijahitaji kuona kingine. Wanafunzi wangu nikiwaeleza hivyo hunionea huruma kidogo. Halafu huomba simu zao.